Siku Moja na Daftari la Michoro, Mji wa Kale

Saa 12 asubuhi. Baada ya swala natia vitu mkobani: daftari la karatasi nzito, penseli ya 2B, kalamu ya wino usiochujuka, kisanduku cha rangi za maji, kitambaa. Ni Oktoba, wakati wa maleleji. Kusi imekwisha, kaskazi bado haijaingia, upepo umelegea na hewa imejaa unyevu. Anayechora jangwani rangi humkaukia upesi mno. Hapa Mombasa ukipaka anga mapema, ukurasa haufungiki. Kwa hiyo asubuhi ni ya mistari, rangi nazingojesha jua.

Saa 1. Mahamri, mbaazi, chai. Njia ingali tupu.

Saa 2. Kazi yangu ni kupima na kuchora nyumba kongwe zinazotaka kukarabatiwa. Leo niko Ndia Kuu, kwenye nyumba yenye roshani ya mbao na mlango wa kuchonga. Ofisi inataka vipimo, nami navichukua. Lakini kabla ya kufungua futi nakaa barazani mkabala na kuuchora mlango kwa mkono, na sehemu hii siifanyi kwa haraka hata siku moja.

Naanza na miimo, kisha kizingiti, kisha mfaa, ile nguzo ya katikati iliyoshikizwa kwenye ubao mmoja wa mlango. Maua yamepangwa juu hadi chini. Mkono ukifuata petali moja moja, unafika chini na kukuta ua ambalo mkato wake ni mwepesi na kingo zake hazikuviringwa. Limechongwa na fundi mwingine, baadaye. Kwenye picha ya simu, ua hilo na la juu yake ni kitu kimoja. Naandika pembeni kina cha kila petali, tarehe, saa, na upande jua linakotokea.

Saa 4. Mwenye nyumba anafungua.

"Sabalkheri, Bi."

"Akheri, mwanangu. Tangu asubuhi u papo hapo? Ingia, jua litakuunguza."

Ananipandisha hadi roshanini, anashika reli na kunionyesha ubao uliolika. Hapo, aniambia, ndipo bibi yake alipokuwa akiteremsha kapu kwa kamba, muuza samaki anatia samaki, kapu linapanda. Nauchora ubao na ule mfuo wa kamba. Mchoro wa ofisi ungeuita uchakavu na kuagiza ubao mpya. Sasa nina sababu ya kuuombea ubaki.

Vyumba ni vyembamba na virefu, kama ilivyo kawaida ya nyumba hizi, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti kwa kawaida hazipiti mita 3 hivi. Ukutani, palipozibwa kwa saruji juu ya mawe ya matumbawe na chokaa, unyevu umenaswa na chokaa ya kando inabanduka. Nauchora mpaka wa unyevu na kuandika tarehe, ili baada ya mvua za vuli nione umefika wapi.

Saa 7. Wali wa nazi, kisha kompyuta.

Saa 10. Jua limelainika, nashuka Ngome ya Yesu na rangi zangu. Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, na tangu 2011 imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mimi kinachonishika ni chini yake, pale ukuta unapokaa juu ya mwamba wa matumbawe. Jiwe lililojengwa na jiwe la asili yanakaribiana rangi, na lazima uamue mstari upite wapi. Napaka waridi hafifu, hudhurungi, kijivu. Watoto waliotoka madrasa wananizunguka. "Ami, nichore na mimi!" Namchora mmoja, na wote wanapanga foleni. Ukurasa mzima umekwenda kwao, na ni ukurasa mzuri.

Saa 2 usiku. Daftari liko mbele ya feni, limebanwa kwa klipu. Kesho seremala anakuja kuukagua mlango. Nitampa ukurasa wa mfaa kabla ya mchoro wa kompyuta, maana humo ana kina cha kila petali, na akilichonga upya ua la chini litafanana na ya juu.