Siku moja maishani mwangu: kufunga chujio la salfa kabla ya masika

Saa 10:30 alfajiri

Bahari ilikuwa imejaa. Hapa Dar es Salaam siku za bamvua maji hujaa kwenye saa 10, alfajiri na alasiri, kwa hiyo anayetaka maji mazuri ya kuchota kwa ajili ya tangi la samaki hukatisha usingizi. Maji yanayojaa hutoka nje kwenye kina. Yanayokupwa yamekwisha kuosha ufukwe na kila kilichoachwa juu yake.

Nilikuwa Ununio na madumu manne ya lita 20. Niliingia hadi kiunoni, nikalizamisha kila dumu likiwa limefungwa, nikalifungua chini kwa chini ili lisinywe ule utando wa juu. Kaka wa bajaji alishuka kunisaidia kupandisha. Akauliza swali ambalo nami limekuwa likinikosesha raha tangu mwaka jana: "Dada, mwezi wa nne tutachota wapi?"

Aliyewahi kupita Daraja la Salenda siku ya pili baada ya mvua kubwa anaelewa. Mto Msimbazi unamwaga udongo na taka za jiji zima, bahari inageuka rangi ya chai ya maziwa. Hata huku mbali na mito, masika yaliyopita nilipima chumvi nikakuta uzani wa maji, ambao hushuka chumvi ikipungua, ni 1.019 badala ya 1.025. Kwa wiki sita sikuchota tone. Samaki wakaendelea kula, nitrati inayotokana na uchafu wao ikaendelea kupanda, na matumbawe laini mawili niliyoyalea miaka mitatu yakanywea hadi yakafa. Sitaki tena.

Saa 1 asubuhi

Tangi lenyewe liko kwenye mgahawa Mikocheni, lita 400, na mimi ndiye mtunzaji wake. Nilimwamkia mama mwenye mgahawa, nikatoa vifaa vya kupimia. Chumvi 1.025. Amonia hakuna. Nitriti hakuna. Nitrati: nilitia matone, nikatikisa, nikasubiri, mrija ukawa mwekundu wa damu ya mzee. Miligramu 80 kwa lita. Kwenye mwamba wa bahari wenyewe haifiki hata 1.

Watu huniuliza kama chujio la kawaida halifanyi kazi. Linafanya, na hapo ndipo tatizo lilipo. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu. Bakteria wa kwenye chujio huigeuza nitriti, wengine wakaigeuza nitrati, na safari inaishia hapo kwa sababu bakteria hao wanaishi kwenye oksijeni. Nitrati haina sumu kali kama amonia, ila kwenye chujio hilo hakuna wa kuila, wala haigeuki hewa, inajilimbikiza tu.

Kubadilisha maji ndiyo dawa ya kwanza, lakini pigeni hesabu. Nikitoa lita 80 na kutia lita 80 safi, nimeondoa sehemu moja tu ya tano: kutoka 80 nabaki na 64. Kangaja mmoja, vitatange wawili na wadogo wengine wanakula mara mbili kwa siku. Wiki mbili zikipita niko palepale.

Nilimimina madumu yangu, nikaondoka kutafuta vifaa vya chujio la pili, la salfa.

Saa 3 asubuhi

Gerezani, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Bomba la PVC la maji taka la inchi 4, mita moja na nusu. Vifuniko vinne, viwili vya kufungwa kwa gundi na viwili vyenye uzi, vya kukaza kwa kuzungusha. Soketi ndogo, koki mbili, tepu ya uzi, gundi. Muuzaji alinisihi nichukue koki za shaba akisema zinadumu. Nilikataa. Shaba kwenye maji ya chumvi huua konokono, kamba na matumbawe, hata ikiwa kidogo sana.

Kisha duka la dawa: mpira wa dripu, ule wenye kigurudumu cha kubana, na bomba la sindano la mililita 10. Hakuna koki ya fundi bomba itakayokupa maji kidogo kwa umakini kama kile kigurudumu.

Saa 5 asubuhi

Kibarazani nyumbani. Nilikata bomba vipande viwili, sentimita 80 na 70, nikapiga msasa kwenye midomo, nikapaka gundi. Gundi hii ina harufu kali, ifanyieni kazi nje.

Kipande cha kwanza ni nyumba ya salfa. Nimekulia Newala, na salfa naijua kwa harufu kabla ya kuijua kwa jina: ule unga wa manjano wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, unaoshika kwenye nguo za baba hadi jumapili. Hapa unga haufai, hujishindilia ukawa kama tofali na maji hayapiti. Punje za mbolea nazo nilijaribu mwaka juzi; zilikuwa zimechanganywa na udongo wa kushikamanisha, na kesho yake nilikuta uji wa manjano ndani ya bomba. Inayotakiwa ni salfa tupu ya punje. Niliagiza kilo 5, ambazo kwa ujazo ni kama lita 4, yaani asilimia moja ya maji ya tangi.

Kazi yake ni hii. Maji yakiingia taratibu sana, bakteria wa mwanzo humaliza oksijeni. Wanaobaki ndani hawana pa kuvuta pumzi isipokuwa kwenye nitrati: wanaivunja, wanatumia oksijeni yake kuichoma salfa, na kinachobaki ni naitrojeni, hewa ileile inayojaza mbingu yetu. Inapanda kama viputo na kwenda zake. Nikiwaza kwamba uchafu wa kangaja wangu unarudi hewani kwa njia hiyo, nasisimka kila mara.

Saa 8 mchana

Nilikula wali na maharage gundi ikikauka, kisha nikageukia kipande cha pili.

Salfa ikishaliwa huacha tindikali, na maji yanayotoka yangeshusha pH ya tangi, yaani yangeyafanya maji yake kuwa na tindikali zaidi. Kwa hiyo lazima yapite kwanza kwenye chokaa, ambayo huizima tindikali. Kuvunja matumbawe hai ni kosa, na hata lisingekuwa kosa nisingeyagusa. Natumia mawe ya chokaa ya Wazo, ambayo yenyewe yalikuwa matumbawe zamani za kale, kabla bahari haijarudi nyuma. Niliyaponda kufikia ukubwa wa punje ya korosho, nikadondoshea ndimu kwenye machache. Yakatoa mapovu. Jiwe lisilotoa povu si chokaa, litupeni. Niliyaosha mara saba hadi maji yakatoka safi.

Saa 10 alasiri

Nilijaza maji ya bomba kujaribu uvujaji, na likavuja kwenye uzi wa kifuniko cha salfa. Nikafungua, nikakausha, nikazungusha tepu mara kumi badala ya tano. Nikasubiri nusu saa nzima na gazeti kavu chini yake. Gazeti likabaki kavu.

Saa 12 jioni

Mikocheni tena, ndani ya kabati la chini ya tangi. Mdogo wangu ninayemfundisha kazi alinishikia tochi. Mpangilio: maji yanagawanywa kutoka pampu kubwa, yanaingia chini ya bomba la salfa, pampu ndogo inayazungusha humohumo ili punje zisigandane, yanapita kwenye chokaa, yanatokea kwenye mpira wa dripu. Kigurudumu nimekiweka mwishoni makusudi ili mabomba yabaki yamejaa muda wote.

"Sasa dada, tutajuaje kama yanakwenda sawa?" aliniuliza.

Nilimwambia atumie kipimo na pua. Nitriti ikionekana kwenye maji yanayotoka, yanapita haraka mno na kazi imeishia njiani, kwa hiyo abane. Harufu ya yai viza ikitoka, yanapita polepole mno: nitrati imeisha, bakteria wamehamia kwenye salfeti, chumvi yenye salfa iliyomo kwenye maji ya bahari, na wanatoa gesi yenye sumu. Hapo afungue kidogo. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, lita ya kwanza baada ya kurudi aikinge kwenye ndoo na kuimwaga. Aliandika yote nyuma ya mkono wake. Nikampa daftari.

Saa 2 usiku

Wateja walikuwa wamekaa. Mama alikuja na kikombe cha chai ya tangawizi, akainama kutazama kabatini.

"Mwanangu, kwa hiyo kesho maji yatakuwa safi?"

"Hapana, mama. Bakteria wanahitaji muda wa kuzaana. Wiki nne, labda sita."

Alihesabu kwa vidole. Tuko mwanzoni mwa Februari. "Katikati ya mwezi wa tatu," akasema. "Mvua zinaanza."

"Ndiyo maana nimekuja leo."

Saa 3 usiku

Nilikinga maji kwa dakika nzima kwenye bomba la sindano. Mililita 9. Nikabana kigurudumu, nikakinga tena: 4. Nikafungua kiasi cha unywele, nikapiga magoti nikihesabu na saa mkononi. Mililita 6, kama matone mawili kila sekunde. Kwa saa moja ni mililita 360, kwa siku lita 8 na nusu hivi. Kwa kuanzia inatosha.

Nikaweka ndoo chini ya mpira kwa siku tatu za kwanza, nikaandika tarehe na 80 kwenye karatasi, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati.