Vigae vya Themistocles

Oktoba 1995 ilinikuta bandarini Piraeus, Ugiriki, ndani ya meli iliyofungwa gatini na mabaharia ambao hawajalipwa. Mwenye meli alikuwa akitupiga kalenda wiki ya tano sasa, na sisi tuling'ang'ania melini kwa kuogopa kwamba tukiteremka, mishahara ndiyo basi tena.

Serahangi wetu, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, alikuwa mzee wa Kigiriki, mzaliwa wa Salamis, kisiwa kilicho pua na mdomo na Piraeus. Jumapili ya tarehe 29 aliniona nimenuna tangu asubuhi. Nyumbani Temeke watu walikuwa foleni, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urudi, na mimi niko huku nahesabu kamba. "Twende nikakuonyeshe kura za kwetu," akasema.

Tukapanda treni hadi Monastiraki, tukaingia jumba la makumbusho la Agora, uwanja wa soko la Athens ya kale. Nilitarajia dhahabu. Ndani ya kioo mlikuwa na vigae, vigae hasa, kama vinavyozagaa uani chungu kikivunjika. Herufi za Kigiriki nilishazizoea kwenye tezi za meli, nikasoma polepole: Themistocles, mwana wa Neocles.

Mzee akaanza. Mwaka 483 KK migodi ya Waathene kule Laurion ilitoa madini ya fedha tele, na raia wakataka wagawiwe, drakma 10 kila mmoja. (Akatoa sarafu ya drakma 10 mfukoni, siku hizo haikununua hata kahawa.) Themistocles, mwanasiasa wa Athens, akawashawishi wauache mgao, wajenge merikebu za vita. Kila moja ilitaka wapiga makasia 170, na wengi wao walikuwa makabwela wa Athens, watu wasio na farasi wala shamba la maana. Mwaka 480 KK wakazivunja manowari za Xerxes, mfalme wa Waajemi, kwenye mlango mwembamba wa Salamis. Baada ya hapo nani angemwambia kabwela anyamaze mkutanoni? Hapo serahangi alijipiga kifua, utadhani kasia moja lilikuwa lake.

Haikupita hata miaka kumi na mitano, Waathene hao hao wakamfukuza. Hakukuwa na shitaka. Raia anaandika kwenye kigae jina la mtu anayetaka aondoke. Vigae vikitimia 6,000, aliyeongoza anahama mji miaka 10. Themistocles akaishia kwa Waajemi, na mfalme Artaxerxes, mwana wa Xerxes, akampa mji wa Magnesia autawale. Mimi sikushangaa: mtu aliyeweza kumpelekea Xerxes ujumbe wa uongo ili amvute mtegoni hakosi la kumwambia mwanawe.

Kilichonichekesha ni kisima. Kaskazini mwa Akropoli, kilima cha mahekalu cha Athens, vilipatikana humo vigae 190 vyenye jina lake, na wataalamu walipolinganisha miandiko wakaona ni ya watu 14 tu. Kura ziliandikwa mapema, zikamngoja mpigaji. Nilicheka mpaka mlinzi akanikazia macho.

Jioni nikapiga simu kwa jirani yetu, mama akaitwa. Alikuwa kituoni tangu alfajiri na vifaa vya kupigia kura vilikuwa havijafika; Dar es Salaam baadaye ilibidi irudie uchaguzi Novemba 19. Nikamsimulia habari za Wagiriki wangu na vigae vyao. Alisikiliza kidogo tu.

"Mwanangu, hela ya simu yote hii umeitoa wapi? Wameshakulipa?"