Masimulizi Mawili ya Mzee Yakobo

Wapendwa katika Kristo,

Juma hili moyo wangu umelemewa na jambo ambalo pengine wengine wataliona dogo. Sisi tuliosoma shule moja tunajiandaa kukutana baada ya kutawanyika kwa miaka mingi, na waandaaji wamemwomba kila mmoja wetu aandike ukurasa mmoja kuhusu maisha yake tangu tulipoagana: kazi alizozifanya, familia aliyojaliwa, na hapo alipofikia. Kila nilipoanza sentensi niliwaza jinsi itakavyopokewa na mwenzetu fulani aliyekuwa nyuma yangu darasani na leo ana cheo kikubwa, kisha na mwingine ambaye wote tulitarajia afike mbali naye hakufika huko. Nikaona kwamba ninawajibu watu ambao hawajaniuliza neno lolote. Ndipo katika usomaji wa asubuhi nikakutana na mzee Yakobo, naye hajaniacha tangu siku hiyo.

Yakobo alisimulia maisha yake mara mbili, na masimulizi hayo yamewekwa karibu karibu katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 47 na ya 48. Mara ya kwanza alikuwa amesimama mbele ya Farao, akiwa ndiyo kwanza ameingia Misri. Farao alimwuliza umri wake tu, swali ambalo lingeweza kujibiwa kwa maneno machache. Mzee akajibu kwamba miaka yake ni 130, kisha akaendelea bila kuombwa: “siku za miaka ya maisha yangu zimekuwa chache, tena za taabu,” na akaongeza kwamba hazikufikia siku za baba zake. Ni nani aliyemwuliza habari za baba zake? Ibrahimu aliishi miaka 175 na Isaka miaka 180, na ni wazi kwamba Yakobo alikuwa na hesabu hiyo moyoni, hata akashindwa kuutaja umri wake mbele ya mfalme wa kigeni bila kujipima nao.

Sithubutu kumlaumu. Taabu aliyoitaja ilikuwa ya kweli: alikimbia nyumbani kwa kumwogopa ndugu yake, akamtumikia mjomba wake Labani miaka 20 huku ujira wake ukibadilishwa mara kumi, akamzika mkewe Raheli njiani, akamlilia mwanawe Yusufu miaka mingi akiamini kwamba mnyama mkali amemla. Lakini tazameni ni nani aliyemleta mbele ya Farao siku hiyo. Ni Yusufu mwenyewe. Yule mwana aliyeombolezewa alikuwa mbele ya macho ya baba yake, mzima, mwenye mamlaka juu ya nchi yote ya Misri, na katika maelezo ya mzee hakuna hata neno moja juu yake. Betheli, pale Mungu alipomtokea katika ndoto, haimo. Penieli, pale aliposhindana mweleka na Mungu hata alfajiri, haimo. Kila alichosema kilikuwa kweli, ila Mungu hakutajwa. (Maandiko yanasema pia kwamba alimbariki Farao alipoingia na alipotoka, kwa hiyo imani yake ilikuwa hai, haikupata tu nafasi katika habari alizojieleza.)

Miaka 17 ikapita. Yakobo sasa ni mgonjwa, macho yake yamefifia kwa uzee, naye anajitia nguvu na kuketi kitandani kwa sababu Yusufu amemletea wanawe wawili, Manase na Efraimu. Hapa hakuna mfalme, wala hakuna aliyemwuliza swali. Anaanza mwenyewe: “Mungu Mwenyezi alinitokea huko Luzu,” na Luzu ndiyo Betheli. Anamtaja Raheli na kaburi lake la njiani, kwa kuwa uchungu ule haukumwisha, na haoni sababu ya kuuficha. Anamwambia Yusufu kwamba hakudhani angeuona uso wake tena, na sasa Mungu amemwonyesha hata uzao wake. Kisha, akiwabariki vijana wale, anamtaja “Mungu aliyenilisha, maisha yangu yote, hata siku hii ya leo.” Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuchunga na kulisha makundi, kwanza ya mjomba wake na baadaye yake mwenyewe, anafika mwisho wa kazi hiyo akikiri kwamba muda wote huo yeye ndiye aliyekuwa akilishwa.

Ndugu zangu, miaka inayosimuliwa katika sura hizo mbili ni ile ile. Labani hakubadilika kuwa mwema, na Raheli hakufufuka. Kilichobadilika ni nani anayetajwa kwanza, na mzee yuko mbele ya nani anapotoa hesabu ya maisha yake. Na hapo ndipo sisi tuliosoma pamoja tunapojikwaa, kwa sababu shule ilituzoesha mapema kujitazama kwa nafasi tuliyoshika, na wengi wetu tulitoka madarasani tukaendelea kujipanga hivyo hivyo kwa mishahara, vyeo, ndoa na majina ya vyuo vya watoto wetu. Paulo alilijua jambo hili kutoka ndani. Alilelewa miguuni pa Gamalieli, mwalimu wa torati aliyeheshimiwa, na anawaambia Wagalatia kwamba aliwatangulia wengi waliokuwa hirimu zake. Ni yeye huyo aliyewaandikia Wakorintho kwamba wale wanaojipima nafsi zao na nafsi zao hawana akili. Aliyesema hivyo hakuwa ameshindwa darasani. Alikuwa wa mbele, na akayahesabu yote hayo kuwa hasara kwa ajili ya Kristo.

Naomba sasa niseme nanyi kwa uwazi, kwa maana kuna jambo linaloniumiza. Katika mikusanyiko ya namna hii tunaoitwa waamini tunasimama na kutoa shuhuda ambazo ukizisikiliza vizuri ni Kumbukumbu la Torati 8:17 iliyopambwa kwa haleluya: nguvu zangu na uwezo wa mkono wangu ndio ulionipatia utajiri huu. Tunamshukuru Mungu kwa sentensi moja, kisha tunatumia dakika zote zinazobaki kueleza bidii yetu. Vibaya zaidi, tunamtazama mwenzetu ambaye mambo hayakumwendea vizuri, tukamhukumu moyoni kwamba hakuomba vya kutosha au kwamba kuna dhambi aliyoificha. Marafiki wa Ayubu walikemewa na Bwana kwa mahubiri kama hayo. Mwandishi wa kitabu cha Mhubiri aliona chini ya jua kwamba si wenye mbio washindao, wala si wenye hekima wapatao chakula, na kwamba wakati na bahati huwapata wote. Nani kati yetu hajui mwanafunzi mwenye akili kuliko darasa zima ambaye ugonjwa, msiba au karo vilimwondoa kabla ya mtihani wa mwisho?

Mimi ninamjua mmoja. Alikuwa na kipawa cha hesabu ambacho sijakiona tena kwa mtu mwingine, na jioni nyingi alibaki darasani akinirudia somo ambalo mwalimu alikuwa ameliacha kwangu gizani. Baba yake alipofariki aliacha masomo akawalee wadogo zake, nami nikaendelea, nikafaulu hesabu, na kwa kufaulu huko nikapata mafunzo na kazi iliyonilisha hadi leo. Katika maelezo yangu ya kikazi jina lake halijawahi kuonekana, kwa kuwa karatasi za namna hiyo hazina mahali pa kuandika watu. Lakini ninapolisoma swali la Paulo, “una nini usichokipokea?”, uso unaonijia ni wake. Wadogo zake wote wamekuwa watu wazima wenye familia zao. Sasa niambieni, kati yake na mimi, ni nani aliyefaulu zaidi mbele za Mungu? Ninawasihi, tulitafakari swali hilo kwa hofu ya Bwana kabla ya kusimama mbele ya wenzetu na kujieleza.

Nanyi mlioamua kutokuja kwa sababu mnaona hamna la kusimulia, pokeeni neno hili kwa upendo. Aibu hiyo haikutoka kwa Mungu aliyewalisha. Kuamka salama baada ya miaka ya kufukuzwa kazi, kumwuguza mzazi hadi mwisho, kubaki mwaminifu katika kazi ambayo hakuna aliyeipigia makofi, hayo ni mambo ambayo Yakobo wa sura ya 48 angeyasimulia kitandani kwake bila haya.

Kwa wale ambao Mungu amewainua, mfano uko katika Danieli. Yeye na wenzake watatu waliingia pamoja katika mafunzo ya miaka mitatu huko Babeli. Siku mfalme alipompandisha cheo, Danieli aliwaombea Shadraka, Meshaki na Abednego nao wapewe kazi juu ya wilaya ya Babeli, na kabla ya hapo, maisha yao yote yalipokuwa hatarini, aliwaendea wao kwanza ili waombe rehema pamoja.

Basi, mtakapoandika kurasa zenu, anzeni Luzu, pale Mungu alipokutana nanyi. Watajeni walimu waliowavumilia, na kama wangali hai waambieni wenyewe. Msiwaruke wenzetu waliolala; yatajeni majina yao kwa sauti. Na kabla ya siku ya kukutana, kila mmoja wetu amtafute mwenzetu mmoja ambaye hajajibu mwaliko, ampigie simu au amwendee, asimwulize anafanya kazi gani siku hizi, bali amweleze jambo jema analolikumbuka ambalo mwenzetu huyo alilitenda tulipokuwa shuleni, kisha wasali pamoja.