Sanduku la mchanga shuleni: wafundishe kusoma matabaka, si kusaka mali

Siku ya mambo ya kale shuleni huharibika pale mwezeshaji anapofukia shanga na sarafu mchangani, kisha akawaambia watoto, "Haya, tafuteni!" Watafurahi, ndiyo. Kesho yake wataenda na jembe nyuma ya gofu la msikiti. Mahali kama Kilwa Kisiwani, ambako watu wanaishi katikati ya magofu na vigae, yaani vipande vya vyungu na sahani za kale, vinaonekana njiani, hilo ni somo la hatari. Kigae kilichong'olewa bila kuandikwa kilikuwa tabaka lipi na kando ya nini, kimebaki kigae tu.

Tengeneza sanduku la mbao la mita 1 kwa mita 1, kina sentimita 45. Lifunge nyuzi mbili za msalaba juu yake, upate robo nne. Watoto wanne wanachimba, wawili wako kwenye chekeche la matundu ya milimita 5, wawili wanaandika na kuchora. Wakizidi hao, wengine watasimama kutazama na kurushiana mchanga.

Tabaka moja la sentimita 10 linakula ndoo tano za lita 20. Matabaka manne ni ndoo ishirini, na mchanga huo una uzito unaopita kilo 600, kwa hiyo jaza sanduku hapo hapo litakapotumika. Chini kabisa weka udongo mwekundu wenye vipande vya chungu chenye michoro ya pembetatu, ile ya vyungu vya pwani vya karne ya 7 hadi ya 10. Juu yake mchanga mweupe wenye makombe na mifupa ya samaki. Tabaka la tatu ni udongo mweusi wenye majivu, mkaa na vipande vya sahani ya maua ya buluu, badala ya zile za Kichina zilizofika karne nyingi baadaye. Juu kabisa weka mchanga wa kawaida na plastiki. Mwagia kila tabaka nusu ndoo ya maji unapolijaza, jioni ya kuamkia siku yenyewe. Mchanga mkavu utaporomoka na kuta hazitasimama. Ukiloa mno, rangi zinachanganyika na chekeche linaziba.

Usifukie vigae halisi hata kimoja. Nenda kwa mfinyanzi, mwombe akwaruze pembetatu udongo ungali mbichi. Ukikwaruza chungu kilichokwisha kuchomwa, kingo za mstari zinamegeka na mtoto mwerevu atakushtukia. Kivunje ndani ya gunia. Vipande vya sahani visugue kingo kwa msasa, vinakata vidole.

Sasa linakuja jambo ambalo wengi hulisahau, nami naona ndilo somo lenyewe. Kabla ya kumaliza kuandaa sanduku, chimba shimo la upana wa sentimita 25 kutoka juu hadi ndani ya udongo mwekundu, tupa kizibo cha soda chini, kisha ulijaze kwa udongo uliochanganyika. Watoto watakikuta kizibo kwenye sentimita 35, kina kile kile cha chungu cha pembetatu. Mmoja atasema watu wa kale walikunywa soda. Usimjibu. Wape chupa ya kupulizia maji, wakwangue ukuta kwa mwiko, waupulizie, watazame: umbo la shimo litajitokeza lenyewe, na mabaka ya mchanga yakikata wekundu wa udongo. Wenyewe watasema kizibo kiliingia kutoka juu.

Mwiko wa mwashi hukwangua kwa ubapa, hauchomi. Bila kuonyeshwa, kila mtoto atachimba kama anapanda mgomba.

Watakuja pia na vigae walivyookota ufukweni. Usiwagombeze, waulize ni wapi hasa, andika, na umjulishe afisa wa mambo ya kale. Kigae kilichokaa kwenye maji ya bahari kiloweke kwenye maji baridi ya bomba, ubadilishe kila siku kwa wiki moja au mbili, ndipo kianikwe kivulini. Kikikaushwa moja kwa moja, chumvi inaganda ndani na kubandua uso wake. Waeleze na sheria: Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, pamoja na milango ya kuchonga ya kabla ya 1940. Zanzibar ina sheria zake.

Mchana waachie wazee na nyaraka zao: hati za mashamba, wosia, barua za hati ya Kiarabu. Zipige picha karibu na dirisha, bila mwako wa kamera, kamera ikiwa sambamba na meza na rula ikionekana kwenye picha, kisha mrudishie mwenyewe hapo hapo. Karatasi ikichukuliwa "kwa muda", mwaka ujao hakuna atakayeleta. Mikono iliyonawiwa na kukaushwa inatosha. Glavu za pamba zinapunguza hisia za vidole na kingo za karatasi zinachanika. Selotepu ni mwiko, gundi yake inageuka kahawia na kupenya karatasi. Kupitisha hati ya zamani kwenye plastiki ya moto ni kuiua.

Tarehe ndizo zinazoleta ubishi. Mtu anaona 1300 Hijria, anaongeza 622, anapata 1922. Amekosea miaka arobaini, maana mwaka wa Hijria una siku 354 au 355. Zidisha kwa 0.97 kwanza, ndipo uongeze 622: unapata 1883, na kweli mwaka 1300 ulianza Novemba 1882.