Umefaulu, lakini umeachwa

Matokeo ya udahili wa vyuo vikuu yametoka leo, na swali ni lilelile: “Alama za uhandisi ninazo, mbona nimeachwa?”

Alama ya mwisho ya mwaka jana, ile mnayojipimia, ni ya mtu wa mwisho kuingia, basi. Waombaji wazuri wakiongezeka, inapanda.
Na kila fani ina yake: mara nyingi kompyuta huwa juu kuliko ujenzi, chuo kilekile.

Ufadhili wa ufaulu, yaani wa kulipiwa masomo kwa alama nzuri, ndio wenye mitego.
Dirisha lake la maombi huweza kufungwa kabla ya lile la udahili.
Kisha soma sharti la kuendelea: wastani wa alama zako ukishuka chini ya kiwango, mwaka wa pili unajilipia. Na hisabati ya mwaka wa kwanza hushusha wengi, jamani!

Nyie mliweka fani gani chaguo la kwanza?