Goti la Chui halikuwa goti

Mwaka jana nilitaka kumpandisha Chui, mbwa wangu wa aina ya jamani shepadi (German Shepherd). Daktari wa mifugo akanishauri nisome kwanza kiwango cha aina yake, yaani maelezo rasmi ya jinsi mbwa wa aina hiyo anavyotakiwa kuwa. Nikakipata: namba 166 cha FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, kwa Kiingereza kilichofasiriwa kutoka Kijerumani. Kamusi ilinipa maana ya maneno, lakini sikujua yako wapi mwilini mwa mbwa.

Nilianza na kimo. Dume anatakiwa awe sentimita 60 hadi 65. Nilimpima Chui hadi utosini nikapata 80, nikalala na wasiwasi kwamba niliuziwa chotara. Kesho yake nikamwendea mzee jirani, mfugaji wa miaka mingi.

"Kichwa hakihesabiwi, mwanangu," akasema. Alivishika vidole vyangu, akavididimiza pale shingo inapoishia, mpaka nikazihisi ncha mbili za mifupa ya mabega chini ya manyoya. "Unapima mpaka hapa. Shingo huinuka na kushuka." Tukapima upya: 63.

Nikamuuliza mbona goti la nyuma linakunjika kinyume. Akaniambia nivue viatu nisimame kwa vidole, visigino juu. "Mbwa anasimama hivyo maisha yake yote. Hilo unaloliita goti ni kisigino." Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, limefichwa na nyama ya paja. Nililipapasa nikalipata, na kuanzia hapo karatasi ikaanza kusomeka. Nikikutana na neno la kiungo, nakitafuta kwanza mwilini mwangu, kisha kwa Chui. Ile sehemu fupi iliyo juu ya nyayo za mbele, kwa mfano, ni kiganja chetu. Inatakiwa iiname kidogo ili ipokee kishindo anapokimbia.

Urefu nao haupimwi hadi mkiani, bali toka ncha ya kidari hadi mwisho wa mfupa wa nyonga, na unatakiwa uzidi kimo kwa asilimia 10 hadi 17. Chui ana sentimita 70, yaani asilimia 11. Nilifurahi mno.

Linaloniuma ni watu kusifia shepadi mwenye mgongo ulioporomoka kama wa fisi. Kiwango kinataka mgongo ulionyooka, imara. Kinachoteremka ni sehemu ya nyonga, kama nyuzi 23 tu.

Meno yalinichukua jioni tatu kwa tochi: 20 juu, 22 chini. Ya mbele yakutane kama mkasi, ya juu yakiyafunika ya chini kwa kugusana.

Mwezi uliopita nilipelekwa kuona jike mzuri wa kupandisha, manyoya yanang'aa, mpole kabisa. Nikamwinua mdomo taratibu. Meno ya chini yalikuwa yametangulia ya juu, upana wa punje ya mchele. Nikamshukuru mwenyewe, nikamfunga Chui kamba, tukarudi nyumbani.