Ovataimu Msimu wa Korosho: Piga Hesabu Mwenyewe

Msimu wa korosho ukichanganya, maghala ya Mtwara na Lindi hayalali. Lori linaingia saa 1 jioni, msimamizi anatangaza kwamba hakuna kutoka hadi gunia la mwisho lishuke. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi uwezo huo. Saa za kawaida mwisho ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, kwa siku 6. Zaidi ya hapo ni kwa makubaliano, na hata mkikubaliana, siku isizidi saa 12 wala ovataimu isizidi saa 50 ndani ya wiki 4. Lakini kabla hujakataa kubaki, soma mkataba wako. Wengi walishasaini kipengele cha ovataimu bila kukisoma.

Waajiri hukimbilia neno dharura, na kweli dharura huondoa mipaka hiyo. Upepo umeezua paa na korosho zinanyeshewa: hapo sawa. Meli ambayo tarehe yake ya kufunga gati bandarini ilijulikana mapema, kwa maoni yangu, si dharura. Ni zamu zilizopangwa vibaya.

Wizi mkubwa uko kwenye kikokotoo. Chukua mshahara wa msingi, bila posho, gawanya kwa 4.333, kisha kwa saa zako za kawaida za wiki. Mwenye 390,000 na saa 45 anapata kama 2,000 kwa saa. Ovataimu ni mara moja na nusu, yaani 3,000. Maofisi mengine hugawanya kwa siku 30, halafu kwa saa 8. Saa inashuka hadi 1,625. Kwa ovataimu ya saa 40, umepoteza 22,500 na hakuna aliyekuambia. Anayelipwa kwa siku agawanye kwa saa za kawaida za siku hiyo.

Kazi ya siku ya mapumziko ya wiki au sikukuu hulipwa mara mbili. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ongeza asilimia 5 kwa kila saa. Ikiwa ni ovataimu, asilimia hiyo inapigwa juu ya ile 3,000, inakuwa 3,150. “Hela ya chai” haifuti deni hili.

Kila siku andika kwenye daftari lako: tarehe, saa ya kuingia, mapumziko, saa ya kutoka, nani alikuagiza ubaki. Andika siku hiyohiyo, kwa kalamu, bila kuruka siku ambazo hukufanya ovataimu, maana daftari lenye siku za ovataimu peke yake linatiliwa shaka haraka.

Mwajiri akigoma kulipa, jaza Fomu Namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mpelekee mwajiri nakala kwanza, asaini kupokea, ndipo uiwasilishe ofisi ya Tume pamoja na uthibitisho huo. Muda ni siku 60 tangu mgogoro kuanza. Ahadi za “subiri mwisho wa msimu” ndizo zinazoumaliza. Ukipitiliza, utalazimika kuomba kwanza kuongezewa muda na kueleza sababu ya kila siku uliyochelewa.